Vizibo na Punje za Mahindi: Nilivyofundisha Vita vya Mombasa vya 1505 Mkoani Singida

Vita vya Mombasa vya mwaka 1505 viliisha kwa dakika 12. Nilikuwa nimeandaa kipindi cha dakika 80, nimeunganisha madawati manne katikati ya darasa, nimetandaza kanga yangu ya buluu kuwa bahari na kupanga mawe kuwa mji. Kabla jasho la kubeba madawati halijanikauka, Wareno walikuwa wameshaingia ikulu. Darasa zima la kidato cha pili, watoto 60 na ushee, wakanigeukia wasikie kinachofuata. Sikuwa na kinachofuata.

Ilikuwa wiki ya tatu ya BTP, shule moja ya kata upande wa Iramba, mkoani Singida. Wenzangu wa elimu hali mnaijua: hela ya kujikimu imeshakata, azimio la kazi umelirithi kwa mwalimu mwenyeji, na msimamizi kutoka chuoni anaweza kutokea asubuhi yoyote na faili lake kwapani. Nawaandikia hasa ninyi mtakaokwenda mwakani. Na ninyi wa fani nyingine mnaokesha mkicheza magemu kwenye simu, kaeni hapo hapo, yenu pia yamo.

Wazo lilinijia geto, kabla ya kusafiri. Nilimaliza bando la wiki nzima nikitazama video ya wazee wa Kiingereza, watu wazima wenye mvi, wameinama juu ya meza kubwa wakisogeza askari wadogo wa kuchora kwa mkono. Walikuwa wanacheza vita vya Pavia vya mwaka 1525, vile ambavyo wapiga bunduki wa upande wa Hispania waliwavunja wapanda farasi wa Ufaransa na mfalme Francis I akakamatwa mateka. Kila mmoja ana rula, ana dadu, ana kitabu cha sheria. Wanabishana nusu saa nzima kama kikosi fulani kingeweza kugeuka upande kwenye tope. Nilicheka kwanza. Baadaye nikagundua kwamba ubishi ule ule, wa nani angeweza kufanya nini na kwa nini, ndio ambao mimi huwa naukosa kwenye kipindi cha Historia.

Mchezo wenyewe si wa kitoto kama unavyoonekana. Maofisa wa Prussia, dola iliyokuja kuwa kiini cha Ujerumani, walifundishwa kwa mchezo wa namna hii uliotungwa na baba na mwana wa ukoo wa von Reisswitz, na sheria za mwana zikachapishwa mwaka 1824. Mwandishi H. G. Wells naye akatoa kitabu cha kuucheza na askari wa bandia sakafuni, *Little Wars*, mwaka 1913. Tangu hapo umekuwa burudani ya watu wengi Ulaya na Marekani, na miongoni mwa zama wanazozipenda ni zile za Renaisansi, mwamko wa sanaa na elimu wa Ulaya, kwa sababu ndipo mkuki mrefu, upinde, deraya na bunduki vilipokutana kwenye uwanja mmoja.

Sasa fikiri. Miaka hiyo hiyo ambayo Leonardo da Vinci alikuwa hai, Francisco de Almeida alitoka Lisbon, mwezi Machi 1505, na merikebu zipatazo ishirini na watu kama 1,500. Julai akaishukia Kilwa. Agosti akaishukia Mombasa. Silaha ni zile zile za Ulaya ya wakati ule, ila uwanja ni wetu. Kwa nini nihangaike na Pavia?

Twende kwenye madawati.

Mawe ya kujengea mji sikuyatafuta mbali, Singida mawe hayanunuliwi. Wareno walikuwa vizibo vya soda 30, nilivyoviomba kwenye kibanda ambacho vijana hucheza drafti. Watu wa Mombasa walikuwa mbegu za alizeti 120. Hili la alizeti lilikuwa kosa langu la kwanza. Unapowapa watoto wa Singida alizeti, jeshi lako linaliwa. Kufika katikati ya kipindi Mombasa ilikuwa imepoteza watu wengi tumboni kuliko vitani. Kipindi kilichofuata nilihamia kwenye punje za mahindi makavu. Kete moja, iwe kizibo au punje, ilisimama kwa watu 20. Dadu mbili nilizitoa kwenye ludo ya kununua sokoni.

Darasa niliwagawa makundi manne: Wareno, Mombasa, Kilwa na Malindi. Kila kundi likachagua mtawala na washauri, wengine wakawa wapiga dadu, wengine makarani wa kuandika kila kinachotokea.

Kosa la pili ndilo hasa lililonifanya niandike makala hii. Lilikuwa kwenye sheria zangu. Niliandika hivi: kizibo kikipiga, dadu ikija 3 kwenda juu, punje inatoka. Punje ikipiga, lazima ije 6. Basi. Niliona ni haki, kwa sababu ndivyo tunavyofundishwa na ndivyo tunavyofundisha: Wareno walishinda kwa sababu walikuwa na silaha bora. Dakika 12.

Kijana mmoja wa kundi la Mombasa, ambaye kwa wiki tatu nilikuwa sijasikia sauti yake hata mara moja, akanyoosha mkono. Akasema: "Mwalimu, kama bunduki zao zilikuwa hivi, Malindi walikuwa wanamhitaji wa nini?"

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia swali zuri, tutalijibu kipindi kijacho. Walimu wote wa Tanzania tunalijua jibu hilo, na tunajua maana yake.

Usiku ule, kwa mwanga wa simu maana umeme ulikatika, nilikaa na karatasi yangu ya sheria nikaona nilichokifanya. Nilikuwa nimechukua jibu la mtihani nikaligeuza kuwa sheria ya mchezo, halafu nikashangaa mchezo ukanirudishia jibu lile lile. Watoto hawakujifunza kwamba bunduki ndizo zilizoishinda Mombasa. Walijifunza kwamba mwalimu ameamua iwe hivyo. Kila namba niliyoiandika kwenye ile karatasi ilikuwa dai kuhusu mwaka 1505, na madai yangu sikuyapima hata moja.

Nikaanza upya, safari hii kila sheria naiuliza: unatoka wapi?

Bunduki kwanza. Bunduki za wakati ule ziliwashwa kwa utambi, uzi mnene unaoungua polepole. Unamimina baruti, unashindilia risasi, unaweka utambi sawa, ndipo unapiga. Halafu unaanza tena, huku mpiga mishale mzuri ameshakutumia mishale kadhaa. Tena mwaka 1505 Wareno walikuwa bado wanabeba pinde za mtambo, zile zinazovutwa na kufyatuliwa kama bunduki, nazo hazikuwa za haraka. Kwa hiyo sheria mpya: kizibo kikishapiga, zamu inayofuata kinakaa kimya. Punje inapiga kila zamu.

Kilichowabeba Wareno zaidi mwilini kilikuwa deraya, chuma cha kifuani na kichwani. Mshale ukimpata mwenye deraya, lazima dadu ije 6. Ukimpata asiye na deraya, 4 inatosha. Vizibo kumi nikavikwaruza msumari kuonyesha deraya.

Mizinga ya merikebu nayo ilikuwa kitu kingine kabisa. Mombasa ilikuwa na ngome mlangoni mwa bandari, na ilikuwa na mizinga yake, iliyookolewa kutoka merikebu ya Kireno iliyokwama pwani hii miaka michache nyuma. (Watoto walilipenda hili sana. Walidhani watu wetu hawajawahi kuuona mzinga.) Mapigano ya mizinga yalifanyika, baruti ya ngomeni ikashika moto, ngome ikanyamaza. Basi nikaipa mizinga ya merikebu nguvu kubwa dhidi ya ngome na ufukwe. Lakini Wareno wakishaingia mjini, mizinga haipigi tena: ungewalenga akina nani na wenzako wako humo humo?

Halafu mji wenyewe. Hans Mayr, Mjerumani aliyekuwa kwenye msafara ule, ameacha maelezo ya safari, na humo anaeleza mitaa ya Mombasa kuwa myembamba kiasi cha watu wawili kushindwa kupita sambamba, na kwamba mbele ya nyumba kulikuwa na viti vya mawe vilivyozidi kuibana njia. Niliposoma hapo nilisimama. Viti vya mawe mbele ya nyumba ni baraza! Zile zile za kukalia jioni, kunywa kahawa na kucheza bao. Baraza zikawa sehemu ya ulinzi wa mji. Sheria: uchochoroni inapita kete moja tu, iliyo mbele ndiyo inayopigana, hata kama nyuma yake wamepanga foleni vizibo ishirini. Na juu ya mapaa ya nyumba za mawe wapo watu wenye mawe ya kurusha: dadu ikija 5 kwenda juu, kizibo kinatoka. Wakitaka kuwazuia wapande juu, na kupanda kunakula zamu nzima.

Moto. Nyumba nyingi zilikuwa za makuti, na Wareno waliutia moto mji usiku kabla ya kushambulia alfajiri. Sheria: zamu ya usiku, kila nyumba ya makuti inapigiwa dadu, 4 kwenda juu inaungua, na jirani yake anapigiwa pia.

Mwisho upepo. Almeida alikuwa anakwenda India, na njia ya India ni kusi. Kusi ikikwisha hujafika, umekwama hadi mwaka mwingine. Hakuwa na nafasi ya kukaa Mombasa, na kweli kabla Agosti haijaisha alikuwa amekwishaondoka. Kwa hiyo nikawapa Wareno zamu kumi tu. Zamu ya kumi na moja hakuna.

Wiki iliyofuata tulicheza tena. Na siku hiyo, kwa bahati ambayo sijaamua bado kama ilikuwa njema, msimamizi akaja.

Aliyekuwa Almeida ni kijana fundi wa drafti, anajulikana hadi senta. Alinyamazisha ngome kwa mizinga zamu ya pili, akashusha vizibo vyote ufukweni, akaviingiza uchochoroni kwa fujo. Ndani ya zamu tatu alikuwa amepoteza vizibo 11, karibu vyote kwa mawe ya mapaani. Kelele zilizopigwa darasani zilimleta mwalimu wa zamu mlangoni. Almeida wetu akakuna kichwa, akatazama makuti, akaniuliza taratibu, kama mtu anayejua anauliza jambo baya: "Mwalimu, kuchoma inaruhusiwa?"

Nikamwambia inaruhusiwa. Kihistoria moto ulitangulia shambulio, yeye aliugundua baadaye, lakini aliugundua mwenyewe. Akapiga dadu nyumba moja moja. Nusu ya mji ikaenda.

Kundi la Mombasa halikungoja. Walimtoa mfalme wao kwenda kwenye shamba la minazi nje ya mji pamoja na punje zilizobaki, na zamu ya tisa Wareno wakaingia ikulu tupu. Zamu ya kumi wakapora. Kisha nikatangaza kwamba kusi inakwisha na merikebu zing'oe nanga.

Nani kashinda? Hapo ndipo ubishi ulipowaka. Wareno wanasema wao, ikulu wameikamata, mali wamebeba. Mombasa wanasema wao, mfalme yu hai na adui anaondoka. Niliwaacha wabishane dakika kumi nzima, nikiwa nimempa mgongo msimamizi ili nisione uso wake. Halafu nikawaambia kilichotokea kweli: mfalme wa Mombasa alinusurika, akamwandikia barua mtawala wa Malindi kumweleza maafa aliyoyakuta aliporudi mjini. Mji ukajengwa tena. Mwaka 1528 Wareno chini ya Nuno da Cunha wakalazimika kuja kuupiga upya. Binti mmoja akasema, "Kumbe haikuisha." Nikaiandika ubaoni kama ilivyo.

Lakini la Malindi sijalieleza.

Aliyekuwa mtawala wa Malindi ni binti wa dawati la nyuma, mpole, anaandika mwandiko mzuri. Mwanzoni mwa mchezo Mombasa walimtumia barua kuomba msaada (barua kwenye mchezo wangu inachukua zamu tatu kufika, na hakuna kunong'onezana). Akaisoma, akakataa. Akawapa Wareno maji na nyama. Darasa likaanza kumwita msaliti. Mara ya kwanza kwa utani, mara ya pili si utani. Nikaona macho yake yanabadilika na nikajilaumu, maana kundi lile nilimpa mimi, hakulichagua.

Nilikuwa nataka kuingilia alipojibu mwenyewe. "Mombasa alishanisaidia lini? Mimi na yeye tuna ugomvi kabla hao hawajaja." Mmoja akamwambia, lakini sisi sote ni Waafrika Mashariki. Akauliza: "1505 kulikuwa na Afrika Mashariki?"

Darasa likatulia. Mimi mwenyewe nilitulia. Kwenye daftari langu la maandalio, sababu ya pili ya ushindi wa Wareno iliandikwa kwa wino mwekundu: ukosefu wa umoja. Nimeikariri tangu kidato cha pili, nikaibeba hadi chuo, na sijawahi kujiuliza ni umoja wa nani na nani. Malindi na Mombasa walikuwa mahasimu wa biashara. Malindi alimkaribisha Vasco da Gama mwaka 1498 kwa sababu alimwona mgeni mwenye nguvu anayeweza kumpa unafuu dhidi ya jirani. Kilwa nako, mtawala wa wakati ule, Amiri Ibrahim, hakukubalika na wote ndani ya mji wake mwenyewe. Almeida aliposhuka, Ibrahim akatoroka, na Wareno wakamweka mtu wao, Muhammad Ankoni, bila vita vya maana. Ukisema "walikosa umoja" unawalaumu watu kwa kukosa kitu ambacho hakuna aliyewahi kuwaahidi.

Silitupi jibu lile lote. Mwanafunzi wangu atakutana nalo kwenye mtihani na lazima aliandike. Ila sasa ataliandika akijua lina mlango wa nyuma.

Wala sisemi silaha hazikuwa na kazi. Taarifa za upande wa Wareno zinataja watu wao watano tu waliokufa Mombasa na wengi waliojeruhiwa, na za upande wa mji zaidi ya 1,500 waliouawa. Kwa kipimo changu cha watu 20, kizibo hata kimoja hakikupaswa kufa! Nililazimika kubadili sheria papo hapo: kizibo kilichotoka ni cha majeruhi. Deraya, mizinga ya merikebu na moto vilifanya kazi kubwa, na mchezo wangu wa pili, kwa kuogopa kosa la kwanza, uliwapunja Wareno kidogo. Nakiri. Mtu wa tatu atakayeucheza aurekebishe.

Mwisho wa kipindi niliwaambia wakusanye punje zilizotoka mezani wazihesabu. Zilikuwa 68. Zidisha kwa 20. Karani wa Mombasa akaandika 1,360 kwenye daftari lake, akaitazama namba ile, akaniuliza, "Mwalimu, hawa 1,500 wa kweli nani aliwahesabu?" Nikamwambia waliowaua. Hakuandika kitu kingine.

Hapo pana jambo la kuangalia kwa yeyote atakayejaribu. Mchezo wa vita unachekesha hadi pale usipochekesha, na mwalimu asiye na mpango wa dakika hiyo atawaacha watoto wakishangilia maiti. Ule mkusanyo wa punje usiuache. Fanya hata kama kengele imeshagonga.

Msimamizi, mnataka kujua. Alinikalisha chini ya mti nje ya ofisi ya walimu akanisomea. Udhibiti wa darasa, alama ndogo. Matumizi ya zana, alama za juu. Lugha ya kufundishia, hapo alikuwa mkali: somo letu linafundishwa kwa Kiingereza, na mimi nimeendesha dakika 60 kwa Kiswahili kitupu. Nikamweleza kwamba dakika 20 za mwisho waliandika insha kwa Kiingereza, na nikamwonyesha madaftari. Akasoma matatu. La kijana aliyeuliza kuhusu Malindi alilisoma mara mbili. Hakubadilisha alama, na kwa utaratibu wake alikuwa sahihi. Mimi najua tu kwamba yule kijana kwa Kiingereza asingeniuliza lile swali, na bila lile swali ningemaliza BTP na sheria zangu za dakika 12.

Anayetaka kujaribu, gharama ni ludo moja na kilo ya mahindi. Usicheze na darasa zima kwa mpigo kama una watoto 60. Mimi nilipona kwa sababu ya makarani: mpe kila mtoto kitu cha kuandika, hata kama ni kurekodi dadu. Makundi yapangwe kwa kura, usimtwike mtu Malindi kama nilivyofanya. Na sheria zisomwe darasani kabla ya mchezo, kila moja na sababu yake, watoto waruhusiwe kuzipinga. Nilipofanya hivyo na mkondo wa B, walitumia kipindi kizima kubishana kuhusu sheria ya mapaa na hatukucheza kabisa. Kilikuwa kipindi changu kizuri kuliko vyote.

Mwenye nafasi ya kipindi kingine ajaribu Ngome ya Yesu. Ile ni Renaisansi yenyewe imesimama Mombasa hadi leo. Ujenzi ulianza 1593, na mchoro ni wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, mwenye buruji za pembeni zilizopangwa ili kila ukuta ulindwe kwa risasi kutoka ukuta mwingine. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Hapo usihangaike na dadu za mapigano, waliowamaliza walinzi hasa walikuwa maradhi na njaa. Kuna wakati makamanda Wareno walikufa, na ulinzi ukashikwa na Bwana Daud wa Faza na watu wake, Waswahili waliokuwa ndani. Ngome ilipoanguka, walinzi waliobaki hawakuzidi ishirini, na merikebu za msaada zikafika siku chache baadaye zikakuta bendera nyingine. Kwenye mchezo wa namna hiyo kete muhimu kuliko zote ni gunia la mchele. Sijaucheza bado, nina sheria nusu ukurasa.

Siku yangu ya mwisho shuleni nilimkuta Almeida wa drafti na wenzake watatu nje ya darasa, wamechora ardhini kwa kijiti. Nikadhani ni Mombasa. Wakasema hapana, ni Liti, yule mama wa Kinyaturu ambaye simulizi za Singida zinasema aliwapiga Wajerumani kwa nyuki, na ambaye uwanja wa mpira wa mjini umepewa jina lake. Mawe yalikuwa yamepangwa vizuri, Wajerumani walikuwa vizibo. Walikuwa wamekwama kwenye sheria moja. Nyuki wakishatoka mzingani, wanamtambuaje Mjerumani? Mmoja anataka dadu iamue, mwingine anasema nyuki wa Liti walikuwa wanamjua adui, ukiweka dadu umeshakanusha simulizi. Wakaniuliza mimi. Gari la Singida mjini lilikuwa linapiga honi barabarani, nikawaambia wanipigie simu wakifikia uamuzi.